Usimposti Aliyebadili Dini

Kuna maneno huwa nayasikia kila mara mambo ya Sudan ama Somalia yakitajwa: "Hapa Kenya tuko sawa, kila mtu na dini yake." Nimeyasikia kwa mathree za 237, nimeyasikia kanisani, nimeyasikia kwa kibanda cha chapo huku Ruiru. Husemwa na watu wazuri, na nusu yake ni ukweli. Kenya haina sheria ya kumfunga mtu aliyetoka Uislamu akawa Mkristo, wala aliyetoka Ukristo akasilimu. Hakuna polisi atakugongea mlango usiku ati kwa sababu umebatizwa.

Lakini kesi ya mtu aliyebadili dini haikosi kusikizwa kwa sababu haina faili kortini. Husikizwa sebuleni. Baba ndiye hakimu, mjomba ndiye kiongozi wa mashtaka, mashangazi wanalia pale kwa kochi, na hukumu ni kufungasha nguo kwa mfuko wa nailoni kabla ya usiku kuingia. Na siku hizi ushahidi unaletwa na sisi watu wa simu, tukitabasamu, na wimbo wa sifa ama nashidi ikicheza nyuma ya vidio.

Hiyo ndiyo nimekujia leo. Najua nitakosana na marafiki wa pande zote mbili. Sawa tu.

Wacha kwanza tuone vile mambo huwa dini ikiwa na faili kortini kweli, ndio tusichanganye. Mwaka 2014, Khartoum, mwanamke anaitwa Meriam Ibrahim alihukumiwa kunyongwa kwa kuritadi, yaani kuacha Uislamu. Shida ni kwamba yeye mwenyewe alisema hajawahi kuwa Mwislamu. Mamake alikuwa Mwethiopia wa kanisa la Orthodox, na ndiye aliyemlea baada ya baba kuondoka. Baba ndiye alikuwa Mwislamu. Korti ikapiga hesabu hivi: baba Mwislamu, basi binti ni Mwislamu. Mwanamke Mwislamu haruhusiwi kuolewa na Mkristo, basi ile ndoa yake na Daniel Wani, Mkristo wa asili ya Sudan Kusini, si ndoa. Kama si ndoa, hao watoto ni wa zinaa: viboko 100. Na kwa sababu alikataa kusema amerudi kwa dini ambayo hakuwa nayo: kifo. Hukumu ilitoka tarehe 15 Mei. Mwezi huo huo akajifungua mtoto msichana ndani ya jela, miguu ikiwa na minyororo. Dunia ikapiga kelele, Juni akaachiliwa, Julai akafika Italia.

Soma hiyo hesabu tena. Hakuna mahali ndani yake mtu aliuliza Meriam anaamini nini. Waliuliza babake ni nani.

Na kabla ukimbie kuandika "ona Waislamu", ngoja. Aliyenyongwa Sudan kwa shtaka hilo hilo Januari 1985 alikuwa Mahmoud Mohamed Taha, mzee wa miaka sabini na kitu, Mwislamu, mwanafikra, ambaye hakuwa ameenda kanisa lolote. Kosa lake lilikuwa kuisoma Kurani tofauti na vile Rais Nimeiri alitaka isomwe. Na Julai 2020 serikali ya mpito ya Sudan ilipofuta adhabu ya kifo kwa kuritadi, waliofuta walikuwa Waislamu pia. Kila mtoto wa madrasa pale Majengo, Thika, anajua aya ya 256 ya Suratul Baqara, ile ya kutolazimishana kwa dini. Masheikh wamebishana karne nyingi kuhusu inafika wapi. Mimi si sheikh, sitaingilia hiyo. Ninachosema ni kwamba ubishi upo ndani ya nyumba yao, na kuna watu ndani ya nyumba hiyo waliolipa na shingo kutetea uhuru ambao wewe unautumia kupata laiki.

Sasa turudi kwetu.

Wengi wetu hujua kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kwa jina tu: uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Kinakupa haki ya kuabudu peke yako ama na wengine, hadharani ama faraghani. Kinakataza mtu kunyimwa kazi ama huduma kwa sababu ya dini yake. Kinakataza kulazimishwa kufanya kitu kinachopingana na imani yako. Kizuri sana. Lakini kisome neno kwa neno, utafute mahali kimesema una uhuru wa kubadili dini. Utatafuta mpaka chai ipoe. Hakuna.

Kilichonishtua ni kwamba Katiba ya zamani ilikuwa nayo. Kifungu cha 78 cha ile tuliyoitupa kilisema waziwazi kwamba uhuru wa dini unabeba uhuru wa kubadili dini ama imani. Tanzania wanayo mpaka leo, ibara ya 19, na imeandikwa kwa Kiswahili ambacho bibi yeyote wa Tanga anaelewa bila wakili. Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za binadamu la 1948 linayo, kifungu cha 18. Sisi tulipiga kura tarehe 4 Agosti 2010, tukasherehekea Katiba bora Afrika, na hayo maneno machache hayakuvuka na sisi.

Wakili atakuambia haijalishi. Atasema kifungu cha 2(6) kimeingiza mikataba ya kimataifa ndani ya sheria zetu, Kenya iko kwa ule mkataba wa haki za kiraia na kisiasa tangu 1972, na kamati inayosimamia huo mkataba ilishasema mwaka 1993 kwamba uhuru wa kuwa na dini ni pamoja na kuiacha na kushika nyingine. Wakili yuko sahihi. Mimi pia naamini jaji yeyote mwenye akili atasoma hivyo. Lakini wewe una miaka 19, umesimama sebuleni, mjomba anakuuliza nani amekupa ruhusa. Utamtajia maoni ya kamati ya Geneva? Unataka sentensi moja, kwa Katiba ya nchi yako, unayoweza kuifungua kwa simu na kumwonyesha. Tanzania unaipata. Hapa huipati.

Na mwaka huo 2010 watu walikuwa wanapigania nini? Mahakama za Kadhi. Makanisa mengi yaliambia waumini wapige kura ya hapana, kwa sababu ya Kadhi na kwa sababu ya kifungu cha kutoa mimba. Miezi mingi ya mikutano. Ati Kadhi atatawala Kenya. Kadhi hakutawala mtu. Mahakama hizo zilikuwa kwa Katiba tangu uhuru, sehemu ya makubaliano ya ule ukanda wa Pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Na kifungu cha 170 kimezifungia kazi yake: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, na tena pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wote wamekubali kwenda mbele yake. Ukishatoka Uislamu, Kadhi hana mamlaka ya kukuita. Hiyo ni kinga, na imeandikwa. Wachungaji waliopiga kelele kuhusu Kadhi hawakuniambia hata mmoja kwamba huo mstari unamlinda muumini wao mpya.

Mahali sheria inauma ni kwingine, na hapa naomba usiruke, kwa sababu ndipo pesa iko.

Chukua msichana wa kufikirika tu. Amezaliwa Majengo, Thika, familia ya Kiislamu, baba ana ploti moja na vyumba kumi vya kukodisha. Msichana anaenda chuo, anakutana na watu wa umoja wa Wakristo, anabatizwa akiwa na miaka 20. Miaka mitano baadaye mzee anafariki bila kuandika wasia. Sheria ya Urithi ya Kenya inasema mali ya mtu aliyekufa akiwa Mwislamu inagawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Na katika fiqhi ile ya kawaida, asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Hivyo ndugu zake wanaweza kusimama na kusema: wewe si mrithi. Hakuna aliyemshtaki kwa kuritadi. Hakuna aliyemfunga. Lakini vyumba kumi vimeenda, na vimeenda kwa sababu ya maji ya ubatizo.

Katiba inaruhusu hiyo? Kifungu cha 24(4) kinasema haki ya usawa inaweza kupunguzwa kwa ajili ya sheria ya Kiislamu mbele ya Kadhi, lakini kwa kiwango kile tu kinachohitajika kabisa. Mwisho wa Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya watoto wa marehemu Mwislamu waliokuwa wanazuiliwa kurithi ati kwa sababu wazazi hawakuwa na ndoa halali ya Kiislamu. Korti ikasema kuwatenga ni ubaguzi. Haikuwa kesi ya mtu aliyebadili dini, na usikubali mtu akuambie ilikuwa. Ila mlango umesogea kidogo, na siku moja kuna mtu atausukuma. Ningependa awe hai na awe na wakili siku hiyo.

Kuna njia pia ambayo watu hawaizungumzii: baba Mwislamu anaweza kutoa zawadi akiwa hai, na anaweza kuacha wasia wa hadi theluthi moja ya mali kwa mtu ambaye si mrithi. Kuna sheikh atabisha kama mtoto aliyeritadi anahesabika hapo, na kuna mwingine atamruhusu. Lakini ili baba afanye hivyo lazima bado mnaongea. Na baba ataongea aje na wewe kama aliujua ubatizo wako kupitia TikTok, kabla ya wewe kumwambia, na kapsheni inasema "shetani ameshindwa"?

Shetani katika hiyo kapsheni ni nani? Si ni yeye baba.

Hapo ndipo hasira yangu iko. Kuna biashara ya ushuhuda. Ukitaka watu wajae kwa ukumbi, bandika posta: "Aliyekuwa sheikh aokoka!" Kila mtu aliyetoka Uislamu anakuwa aliyekuwa sheikh. Kijana alikuwa anauza mitumba Makongeni, hajui hata kusoma Juzuu Amma bila kukwama, ghafla ni sheikh mkuu. Anapandishwa jukwaani, anapewa maiki, anaulizwa maswali ya kumfanya aseme mabaya kuhusu mamake. Sadaka inaitishwa. Vidio inakatwa vipande sita. Wiki ya tatu amesahaulika, mchungaji anatafuta sheikh mwingine. Kijana amebaki na keja isiyolipiwa, ukoo usiomtaka, na sura yake kwa intaneti mpaka mwisho wa dunia.

Wenzetu wa mihadhara msicheke. Nanyi mna "aliyekuwa mchungaji" wenu. Mnamsimamisha pale na shahada anatamka mbele ya spika, takbir, simu ishirini juu. Mamake ni mzee wa kanisa kule Gatanga na ameiona kwa grupu ya familia kabla ya saa kumi. Kijana akirudi nyumbani anakuta wameitana.

Sisi Wakristo wa Kiambu tusijifanye hatuna sebule zetu. Nimelelewa kanisani, najua. Kijana Mkikuyu akisilimu, swali la kwanza huwa "ni msichana gani amekudanganya?" na la pili "umejiunga na hao magaidi?" Hilo la pili lilizidi baada ya shambulio la DusitD2 Januari 2019, ilipojulikana kwamba mmoja wa washambuliaji alikuwa amekodisha nyumba Muchatha, hapa hapa Kiambu, na mke aliyekuwa amesilimu. Watu 21 waliuawa, na uchungu ni wa haki. Lakini kutoka hapo kila msichana aliyevaa hijabu juu ya jina la Wanjiku akawa mshukiwa, mwenye nyumba anamuuliza kitambulisho mara mbili. Ukitetea msichana wa Majengo na umnyamazie Wanjiku, wewe hutetei uhuru wa dini. Unashabikia timu, kama vile watu hushabikia Arsenal.

Na ni ajabu eneo hili kujifanya halijui uchungu wa kulazimishwa imani. Waulize wazee. Mwaka 1929 misheni za huku kwetu, ile ya Kambui hapo juu ya Ruiru ikiwemo, ziliwataka Wakikuyu waweke kidole gumba kwa karatasi kukana ukeketaji. Watu wakaiita kirore. Ukeketaji ni ukatili, na uko marufuku kisheria tangu 2011, sipingi hata kidogo. Lakini angalia njia iliyotumika: weka kidole ama toka. Walimu walifukuzwa, watoto wakaondolewa shule, ndugu wakagawanyika, huyu wa misheni, huyu wa Karing'a. Kuna familia Gatundu mpaka leo zinajua babu alisimama upande gani. Halafu mwaka 1969, baada ya Tom Mboya kuuawa, watu wakabebwa kwa malori kupelekwa Gatundu kula kiapo. Wakristo waliokataa walipigwa, na makanisa yakapaza sauti kupinga. Walikataa kwa sababu gani? Kwa sababu waliamini hakuna mtu, hata serikali, hata ukoo, ana haki ya kuingia ndani ya kifua cha mwenzake na kupanga upya vilivyomo.

Hao ni mababu zetu. Leo wajukuu wao wanamfungia binti chumbani kwa sababu amesilimu.

Sasa, kwa nini naona vidio ni hatari kuliko aibu tu? Kwa sababu watu wameumizwa, na si mbali. Mkesha wa Krismasi 2011, Kampala, mchungaji Umar Mulinde, aliyelelewa Mwislamu akawa Mkristo, alimwagiwa tindikali nje ya kanisa lake. Alipoteza jicho na alitibiwa kwa muda mrefu Israeli. Yule alikuwa mtu mzima, mhubiri, alichagua kujulikana. Alijua anachokiweka mezani. Mtoto wa chuo unayemrekodi Jumapili hajui.

Ama fikiria Msomali. Huku Thika Road tunaishi na watu kutoka kila upande wa kanda hii. Somalia, Katiba yao ya muda ya 2012 inasema Uislamu ndio dini ya nchi na hairuhusu dini nyingine kuenezwa, na Al-Shabaab wanaua mtu kwa tuhuma tu ya kuwa Mkristo. Ukimrekodi kijana wa Kisomali akibatizwa Ruiru saa nne asubuhi, saa tano vidio iko Mogadishu. Yeye yuko hapa. Mamake yuko kule. Nani atagongewa mlango? Hilo halitatokea kwa kapsheni yako, kwa hiyo hulioni. Vidio imefika elfu hamsini, umefurahi, umelala.

Najua jibu lenu, nimeshaambiwa: "Lakini Biblia inasema tumkiri Kristo mbele ya watu." Amkiri yeye. Hakuna mahali imesema umkiri kwa niaba yake, na akaunti yako, na nambari ya Till pale chini. "Lakini alikubali." Alikubali akiwa amesimama mbele ya watu mia tatu wanaopiga makofi, siku ambayo amepoteza familia na nyinyi ndio mmebaki. Angesema nini? Hiyo siiti ruhusa. Subiri miezi sita, akiwa na kazi na mahali pa kulala, muulize tena mkiwa wawili.

Kama hoja ya utu haikugusi, chukua ya mfuko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeweka imani ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti, pamoja na mambo ya afya. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data ilipiga shule moja ya Uthiru faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuposti picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi milioni 1.85 kwa kuposti picha ya mteja ambaye hakuwa amekubali. Hiyo ni picha ya mtu akikunywa. Wewe unaposti mtu akihama dini. Siku mmoja wao akiamka na apeleke malalamiko, hiyo laini ya ushuhuda itakuwa ghali kuliko maiki yako.

Na kwa yule ambaye kesi yake iko sebuleni wakati huu, wa upande wowote, wacha niongee na wewe kidogo, wengine wasubiri.

Ukishafika 18, hakuna mzazi ana haki ya kisheria ya kukuchagulia dini. Kuna Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015, na haihusu mume na mke peke yao kama watu wanavyodhani. Inahusu familia. Vitisho, kufukuzwa nyumbani kwa nguvu, kunyimwa riziki, kulazimishwa ndoa, vyote vimetajwa mle kama ukatili. Unaweza kuomba amri ya ulinzi kortini, na Thika na Ruiru kote kuna korti. Ukitishiwa, andikisha OB. Polisi wa mezani akikuambia "haya ni mambo ya familia, rudi muongee", mwambie unataka nambari ya OB tu, usibishane naye kuhusu dini, na uipige picha. Beba kitambulisho, vyeti vya shule na cha kuzaliwa kabla ya kusema lolote nyumbani. Vyeti ndivyo huzuiliwa kwanza.

Jina usikimbilie kulibadilisha. Kila mtu atakuambia uwe Grace ama uwe Khadija kufikia Jumatatu. Kubadili jina kisheria Kenya hupitia hati ya kiapo inayosajiliwa na kuchapishwa kwa Gazeti rasmi la serikali, jina la zamani na jipya kando kando, na Gazeti hilo linasomeka kwa intaneti. Unaweza kuwa Mkristo ukiitwa Mohamed. Unaweza kuwa Mwislamu ukiitwa Njoroge, na Thika wapo, wazee kabisa, wanaswali na wanaitwa Njoroge.

Na mtu wa kanisa ama msikiti akikuletea simu usoni siku hiyo, una haki ya kuweka mkono mbele ya kamera. Hujamkana Mungu.

Tuliobaki tuna kazi. Wabunge wa Kiambu wakija kuomba kura 2027, waulizwe kama watayarudisha yale maneno ya kifungu cha 78 ndani ya kifungu cha 32. Ni maneno machache na tulikuwa nayo. Wachungaji na maimamu wa Thika huwa wanakaa meza moja kwa mambo ya amani wakati wa uchaguzi, tunawaona kwa picha wakishikana mikono. Wakae tena, bila picha, wakubaliane jambo moja dogo: hakuna jukwaa litakalomsimamisha mtu ambaye hajamaliza mwaka katika dini yake mpya, na nyumba ya ibada inayompokea mtu inamlipia kodi angalau miezi mitatu. Mwenye kanisa la kununua spika za laki nne asiniambie hiyo elfu sita ya keja ya Kiandutu haipatikani.

Na wewe mwenye akaunti kama yangu, leo jioni rudi nyuma kwa posti zako. Zile za ubatizo, zile za shahada. Mpigie kila mmoja umuulize yuko wapi sasa na kama bado anataka iwe hapo. Asiyeshika simu, futa.